Joho Lililokwenda Uluguru

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Kiwangwa amenyeshewa njia nzima, akaning'iniza koti lake zito karibu na jiko ili likauke. Nilikuwa nimeketi ukumbini na tasbihi yangu. Mvuke ulipoanza kupanda ikaja harufu ya manyoya ya kondoo yaliyolowa, nami nikasahau nimefika wapi katika kuhesabu. Nikaanza upya, nikasahau tena. Mwishowe niliilaza tasbihi mapajani, nikaiacha harufu ile inipeleke ilikotaka.

Kama wewe ni wa rika langu, utaikumbuka Bagamoyo ya wakati ule, bendera nyekundu ya Sayyid, mfalme wa Unguja, ikingali juu ya nyumba ya liwali, na ngoma za misafara ya bara zikisikika kabla vumbi lake halijaonekana. Lakini baba yangu hakuwa mtu wa misafara ile mikubwa. Alikuwa mtu wa hapahapa, mzaliwa wa Mlingotini, mwenye wapagazi wachache aliowajua mpaka majina ya wake zao. Bidhaa zake zilikuwa chumvi na ng'onda, samaki waliokaushwa juani. Kila kaskazi, wakati pwani inawaka na njia za mlimani hazitelezi, alipanda milima ya Uluguru. Watu wa huko juu hawana bahari. Walimpa tumbaku, maharage na nta, akashuka navyo kabla ya masika.

Mama yangu sikumjua. Alifariki nikiwa bado natambaa, Mungu amrehemu. Nyumbani tulikuwa baba, mama yake baba niliyemwita Bibi, na mimi. Baba akisafiri, tulibaki mimi na Bibi, na Bibi alikuwa mtu wa kusuka ukili kutwa nzima bila kusema neno. Alinipenda, hilo nalijua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba baba akiondoka nyumba inakuwa kubwa, na sauti yangu mwenyewe inanirudia kutoka vyumbani.

Kaskazi ninayoikumbuka, matayarisho yalianza mapema kuliko kawaida. Ua wetu ulijaa makanda ya chumvi, na kila kanda lilifungwa ndani ya ngozi ya mbuzi, kwa sababu ukungu wa mlimani huinywa chumvi kidogo kidogo mpaka mpagazi akafika amebeba maji. Aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Mlekwa, Mkwere mwenye mwanya mkubwa wa meno, kirangozi wa baba, ambaye ndiye anayetangulia njiani na kuwaonyesha wengine pa kukanyaga. Mlekwa hakuamini mzigo uliokaa chini. Kila ulipokwisha kufungwa alimwamuru mpagazi wake aubebe, auzungushe nyumba, akae nao, ainuke nao. Aliyejishika goti wakati wa kuinuka, mzigo wake ulifunguliwa ukapunguzwa.

"Hapa ni mchanga tambarare," aliwaambia. "Ukijishika goti hapa, kule utajishika roho."

Nilikuwa nikimfuata nyuma nikimuuliza maswali, naye hakunifukuza.

"Mlekwa, huko juu kukoje?"

"Kule? Kule mawingu hayana adabu, binti. Yanaingia nyumbani bila hodi."

"Yakishaingia yanakaa wapi?"

"Kitandani. Mwenye nyumba analala chini."

Wapagazi wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nikifikiri ufagio gani unaweza kufagia wingu.

"Na ukifungua mdomo asubuhi," aliendelea, "unatoa moshi."

"Mimi sivuti tumbaku."

"Hata mtoto wa juzi anatoa. Kila mtu kule anatoa."

Nilimwamini. Nilifikiri watu wa mlimani wamezaliwa na moto mdogo kifuani, na huo ndio unaowatia joto. Jioni nikajipulizia kiganjani kuona kama na mimi ninao, nikaona pumzi tu. Jambo hilo lilinitia wasiwasi mkubwa, maana nilikuwa nimekwisha kuambiwa, au niliona nimekwisha kuambiwa, kwamba mwaka huo naenda na baba.

Niseme ilivyokuwa. Alasiri moja baba aliniita mlangoni akiwa ameshika uzi wa usumba wa nazi.

"Simama wima," alisema. "Nyoosha mkono. Usicheke."

Akaupima uzi kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mkono, akafunga fundo. Akaupima kutoka shingoni mpaka chini ya goti, akafunga fundo jingine. Alikuwa mtu wa vidole vinene, lakini siku ile alinigusa kama mtu anayepima kitu cha kuvunjika.

"Unakua, mashallah," alisema, lakini alisema kama mtu anayezungumza na mwingine.

Bibi, aliyekuwa kwenye mkeka wake, alisimamisha mikono akatutazama. Kisha akarudi kwenye ukili wake.

Baada ya siku chache baba alirudi kutoka kwa fundi mshonaji na joho dogo la bushuti, kitambaa kizito cha manyoya ya kondoo, rangi ya kahawia, ndani limetiwa bafta nyekundu, pamba nyepesi. Sikuwa nimeona mtoto yeyote Bagamoyo mwenye vazi kama lile. Baba alinivika, na joto la kaskazi likanipanda mpaka masikioni.

"Linakubana kwapani?"

"Hapana, baba."

"Inua mikono."

Nikainua.

"Basi litafaa," alisema. Akanivua, akalikunja kwa uangalifu, akaliweka ndani ya sanduku la safari pamoja na bushuti zake.

Sasa niambie wewe, mtoto angeelewa nini? Nani humshonea joho la baridi mtoto atakayebaki pwani? Sikuuliza. Niliona kuuliza ni kama kumwambia baba kwamba siamini hisani yake.

Nikaanza kujitayarisha peke yangu. Nilitia mchanga ndani ya kikapu, nikakiweka kichwani, nikauzunguka ua kama walivyofanya wapagazi, na nilipoketi nikajifunza kuinuka bila kujishika goti. Nililala kwenye sakafu bila mkeka. Nilichota maji ya mtungini, nikalowesha kitambaa nikakitandaza mgongoni, ili mwili uzoee. Bibi aliniona nimeketi hivyo kivulini, meno yakigongana.

"Una homa?" aliuliza.

"Nafanya mazoezi ya baridi, Bibi."

Nilidhani ataniambia niache. Badala yake alisema, "Ongea na baba yako," akaondoka na kile kitambaa.

Nami nikadhani ananiambia nikamshukuru.

Jioni baba na Mlekwa walipoketi ukumbini kupanga njia, nilijibanza karibu na mlango nikajitia katika kila mpango wao. Watavuka mto Kingani asubuhi kwa mtumbwi. Nikachagua mahali nitakapoketi, katikati, mbali na mamba. Watapumzika Ubena, kijiji cha njiani, nikajiuliza kama Ubena kuna watoto. Kisha milima yenyewe, siku za kupanda tu, na mteremko mmoja ambao Mlekwa alisema lazima wafunge kamba kutoka mti mpaka mti.

"Mwaka jana tulipita bila kamba," alisema baba.

"Mwaka jana, bwana, Mungu alitushika mkono. Tusimchoshe."

Baba alinifundisha pia dua ya safari. Kila baada ya magharibi aliniketisha mbele yake nikaisoma, akanisahihisha, nikaisoma tena. Chuoni nilikuwa mbele ya wenzangu, na dua ile niliishika haraka. Hata hivyo baba hakuridhika mpaka iwe inatoka bila kusita. Nilifurahi. Msafiri asiyejua dua yake ni mzigo kwa wenzake.

Siku moja Mlekwa alipokuwa akijaribu mizigo, nami nikatokea na kikapu changu cha mchanga kichwani, nikasimama mwisho wa mstari.

"Bwana!" aliita Mlekwa. "Huyu mpagazi mpya ameajiriwa na nani?"

Baba alikuja akakiinua kikapu. "Kumbe mzito!" alisema, akacheka. Baba hakuwa mtu wa kucheka. Nikaona nimepokewa.

Ndipo nilipowaambia wenzangu chuoni. Zuhura, binti wa jirani, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu cha kuparia samaki, hakukubali.

"Wewe? Utalia mkifika mtoni."

"Silii."

"Chui wa mlimani wanapenda watoto wa mbele chuoni. Wengine wanakimbia. Nyie mnakaa kusoma dua."

Watoto waliangua kicheko mpaka mwalimu akagonga ubao. Lakini nilikuwa na joho ndani ya sanduku, na kicheko chao hakikunipata. Nilimpa Zuhura kalamu yangu ya mwanzi, ile nzuri. Nilimwambia sitaihitaji.

Asubuhi ya kuondoka ilikuja. Tuliposali alfajiri, ua ulikuwa umekwisha kujaa watu na moshi wa ubani wa Bibi. Nilikuwa nimevaa makubadhi yangu ya ngozi tangu kabla ya adhana, na tende zangu nilikuwa nimezifunga kwenye pembe ya leso. Wapagazi walijipanga. Baba aliingia ndani, akatoka na msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani, akaja moja kwa moja kwangu, penye mlango wa ua.

"Leo utashika wewe," alisema. "Na dua utasoma wewe."

Majirani waliokuja kuaga wakasema mashallah, mtoto wa kike, mdogo hivi.

Msomaji wa pwani anajua, lakini nitaeleza kwa ajili ya wajukuu. Mtu anaposafiri, msahafu huinuliwa mlangoni naye hupita chini yake. Dua husomewa mwenye msafara, anayepita mwisho, naye hatoki mpaka dua iishe. Wanaosafiri hupita. Anayeushika hubaki. Ndivyo ilivyo, na hakuna mtoto Bagamoyo asiyelijua hilo. Miaka yote aliushika Bibi, naye alibaki.

Nilisimama na msahafu mikononi.

"Baba, nikishika, mimi nitapitaje?"

"Upite wapi, mwanangu?"

"Chini. Pamoja na nyinyi."

Mlekwa, ambaye alikuwa amekwisha kujitwika, aliutua mzigo wake polepole. Nikaona macho ya baba yakishuka mpaka kwenye makubadhi yangu, na kutoka hapo kwenye pembe ya leso iliyofungwa tende, na nikaona kwamba ndiyo kwanza anaona.

"Na joho?" niliuliza.

Baba alimtazama mama yake.

"Usinitazame mimi," alisema Bibi. "Nilikwambia umwambie kabla hujampima."

Baba alichuchumaa mbele yangu, kanzu yake ikaingia mchangani. Alisema kwa sauti ndogo, lakini ua ulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Huko juu una ndugu yako. Mama yake ni mtu wa kule. Mlipishana miezi tu kuzaliwa, na mwaka jana nilipomwona mlikuwa mmelingana kama mliopimwa. Kifua kinamsumbua, mwanangu. Baridi ya kule haina huruma na kifua chake. Sikuwa na wa kumpimia ila wewe."

"Anaitwa nani?"

"Mwanaidi."

Sikulia, kwa hiyo Zuhura alikosea. Kilichonijia kwanza kilikuwa haya. Niliona haya ya makubadhi yangu. Niliyavua pale pale nikayasogeza kwa mguu nyuma ya mlango ili watu wasiyaone. Kisha nikauinua msahafu juu, kadiri mikono ilivyoweza kufika.

Mlango ulikuwa mrefu nami nilikuwa mfupi, kwa hiyo watu wazima wale na mizigo yao ilibidi wainame chini kabisa. Mlekwa alipiga magoti na kanda la chumvi kichwani.

"Jamani," alisema akipita, "leo mlima umeanzia hapa mlangoni."

Wakacheka kidogo, kwa ajili yangu, nami namshukuru mpaka leo. Mungu amlipe.

Baba alikuwa wa mwisho. Alisimama ndani ya kizingiti akisubiri, kichwa kimeinama. Nikaanza dua. Ilitoka bila kusita, kama alivyonifundisha, mpaka nikafika katikati. Hapo nikanyamaza.

Sikuwa nimesahau. Neno lililofuata lilikuwa mdomoni. Lakini nilijua kwamba nikinyamaza, hatoki. Hakuna mtu wa kwetu angemruhusu atoke na dua nusu, wala mwenyewe asingethubutu. Ningeweza kusimama pale mpaka jua lipande, mpaka saa ya kuvuka mto ipite, mpaka wapagazi wachoke waitue mizigo. Ningekuwa na baba yangu siku hiyo nzima. Hakuna aliyenikumbusha neno. Baba mwenyewe, aliyelijua, alinyamaza na kuinama, akaniachia.

Nikapafikiria mahali ambapo mawingu hulala kitandani. Nikamfikiria mtoto aliyelingana nami amelala chini, na kifua chake kinamsumbua. Nilidhani bado kwamba kila mtu wa kule ana moto ndani, na nikaona kwamba wake labda umezimika, ndiyo maana anahitaji joho.

Nikamalizia dua. Baba akapita.

Siku ile Bibi hakufagia ua, kwa sababu nyumba haifagiliwi siku mtu anapoondoka, nyayo zake zisije zikatolewa pamoja na taka. Nilikaa karibu na nyayo za baba zilizoelekea mlango ule wa ua. Nilizijua kwa kidole gumba kilichopinda. Asubuhi yake kuku walikuwa wamezichakura zote.

Niliporudi chuoni Zuhura alikuwa akiandika kwa kalamu yangu. Aliniona, akafungua mdomo, na wenzake wakageuka tayari kucheka. Lakini nadhani habari ilikuwa imekwisha kumfikia kutoka kwa mama yake. Alifunga mdomo, akajisogeza, akaniachia nafasi kwenye jamvi. Ningependa angenidhihaki. Dhihaka ningeijibu.

Siku za kaskazi ni ndefu kwa mtoto aliyebaki. Wingi wake sikuuhesabu wala siwezi kukwambia. Nakumbuka mchana mweupe usio na mtu, sauti ya ukili wa Bibi ukipita vidoleni, na mimi nikilala kifudifudi sakafuni kutafuta ubaridi. Kabla ya hapo nilikuwa mpweke kwa sababu baba hayupo. Sasa nilikuwa mpweke kwa namna nyingine, kwa sababu nilijua alipo. Nilimwona akimvika mtu joho. Nilimsikia akisema, "Inua mikono." Nilimwonea wivu msichana yule, kisha nikamwombea kifua chake, kisha nikamwonea wivu tena, yote katika sala moja. Mwenyezi Mungu ni msikivu na mvumilivu, alinisikiliza hivyohivyo.

Mara moja tu Bibi alisema jambo. Alikuwa hata hajainua uso. "Nami sijamwona," alisema. "Ni mjukuu wangu, na sijamwona." Ndipo nikahama kutoka sakafuni nikaketi kwenye mkeka wake.

Baba alirudi kabla mvua hazijaanza, amekonda, na ngozi ya midomo imepasuka. Watu walipokwisha kuja na kwenda, baada ya alasiri, aliniita tukaketi nyuma ya nyumba. Alijipaka mafuta midomoni polepole, na mimi nilikuwa nimekwisha kumzoea Bibi, kwa hiyo nilijua kusubiri.

"Kifua kimepoa," alisema mwishowe.

"Alhamdulillahi."

"Aliniuliza joho limepimwaje."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Akaniuliza wewe ni nani, nikamtajia jina lako." Baba alijikuna kidevu. "Jina lako ni gumu kwa ulimi wa kule. Alilisema hivi, akalisema hivi. Akawa anazunguka nalo nyumbani, anafunga kuni analisema, anateka maji analisema. Mpaka mama yake akamwambia basi."

Nilitazama mikono yangu.

"Kaskazi ijayo," alisema baba, "inshallah, utapita chini ya msahafu. Bibi atashika."

Alisema kweli, nami sina shaka na nia yake. Lakini kaskazi iliyofuata ilikuja na moshi wa baruti badala ya ngoma za misafara. Watu walikimbilia mashambani, bendera ikabadilika ikawa ya Wazungu, njia ya bara ikafungwa. Ilipofunguliwa, baba alikwisha kulazwa katika ardhi ya Mlingotini, karibu na mama yangu, na Mlekwa alikuwa amerudi kwao, hakuna aliyejua ni wapi. Kijiji chenyewe sikuwahi kukijua jina. Nyumbani kwetu kiliitwa "juu" tu.

Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimepewa wajukuu kuliko nilivyostahili kuomba, na kwa yote namshukuru Mola. Mlimani sijafika. Sasa magoti hayaniruhusu hata kufika sokoni. Lakini kila nisalipo, baada ya baba, mama na Bibi, namtaja Mwanaidi. Marehemu huombewa rehema, na aliye hai huombewa afya, kama tulivyofundishwa. Mwanaidi sijui nimweke wapi. Kama yu hai ni kikongwe kama mimi. Basi namwombea afya, kisha namwombea rehema, nami namwachia anayejua achague inayomfaa.